Unga wa kusugulia vyombo kutoka taka za soko la Kalerwe

Anayekaa Kalerwe, Kampala, hana sababu ya kununua unga wa kusugulia vyombo. Vitu vyote vinavyohitajika kuutengeneza vinatupwa sokoni kila jioni: majivu ya vibanda vya chakula, maganda ya mayai ya wauza rolex, ile chapati ya mayai, waliopanga meza zao kandokando ya Barabara ya Gayaza, ndimu zilizosinyaa ambazo mwenye meza hana wa kumuuzia. Kazi ya mikono yenyewe ni ya mchana mmoja, inayobaki ni siku za kungoja vitu vitulie na vikauke. Ugumu uko kwenye kujua unga upi ni wa chombo kipi, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapoharibu sufuria zao.

Wengi wetu tumekulia majivu. Tuliyazoa jikoni, tukayatia maji kidogo, tukasugua, sufuria ikang'aa. Lakini majivu ya jikoni yana mchanga, yana vipande vya mkaa usioungua, wakati mwingine yana msumari. Sufuria inayosuguliwa kwa mchanganyiko huo kila siku inajaa mikwaruzo, na mkwaruzo ndio unaoshika mafuta na masizi ya siku inayofuata. Kwa hiyo kila wiki mtu anasugua kwa nguvu zaidi ya wiki iliyopita, na mwishowe anasema sufuria za siku hizi ni mbovu.

Unga mzuri wa kusugulia unafanya mambo matatu kwa pamoja. Chembe zake zinakwangua uchafu, magadi yaliyomo yanalainisha mafuta, na sabuni inauinua uchafu ili maji yauchukue. Siri yote iko kwenye chembe: ziwe ngumu kuliko uchafu, laini kuliko chombo. Wanaopima ugumu wa madini wana kipimo cha namba 1 hadi 10. Ukucha wa mtu uko karibu 2.5, alumini iko chini kidogo ya 3, kioo kama 5.5, na kwatzi, ambayo ndiyo mchanga wa kawaida, iko 7. Ndiyo maana mchanga unakwaruza karibu kila kitu kilichomo jikoni. Kampuni ya Bon Ami, iliyoanza huko Connecticut, Marekani, mwaka 1886, ilijenga jina lake juu ya jambo hilo hilo. Wenzao walikuwa wakisaga kwatzi. Wao wakachukua felspa, jiwe laini kidogo lililokuwa likitupwa wakati wa kuchimba kwatzi, wakauza unga usiokwaruza. Vim, ambayo bibi zetu wa Afrika Mashariki waliijua, ilitolewa na Lever Brothers mwaka 1904 kwa mpango wa namna hiyo hiyo: unga wa jiwe, magadi na sabuni.

Kalerwe hatuna felspa, lakini tuna ganda la yai, na kwa kazi za jikoni naliona bora zaidi. Ganda la yai karibu lote ni kalisi kaboneti, jamii ya chaki na mawe ya chokaa, na ugumu wake ni 3. Haliwezi kukwaruza kioo, haliwezi kukwaruza chuma kisichoshika kutu, na likisagwa laini kabisa linang'arisha alumini bila kuiumiza.

Pita jioni kwenye meza ya muuza rolex utazame chini ya miguu yake. Chapati inageuzwa, mayai mawili yanapasuliwa kwenye kikombe cha plastiki pamoja na nyanya na kitunguu, na maganda yanaangukia kwenye boksi au kwenye trei tupu. Ukimwomba kwa adabu atakupa bure. "Ssebo, usiyatupe maganda, nitayapitia saa moja," inatosha, na ukinunua rolex yake mara mojamoja atakuwekea bila kukumbushwa. Chukua ya siku hiyo hiyo. Yaliyolala siku mbili kwenye joto yananuka na yana nzi.

Ukifika nyumbani usiyaanike moja kwa moja. Ganda bichi linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na wewe utalisaga, utavuta vumbi lake, utalipaka kwenye sahani. Lisuuze, kisha lichemshe kwa dakika kumi. Kuchemsha kunaua vijidudu na kunalegeza utando mweupe wa ndani, ambao unatoka kwa kuvutwa na kidole. Huo utando utoe kadiri uwezavyo, maana hausagiki. Unabaki kama vipande vya karatasi na kuziba chekeche. Kisha anika juani kwenye ungo, au kaanga maganda matupu juu ya jiko la mkaa lenye moto hafifu hadi yavunjike kwa sauti kavu unapoyabana. Maganda ya mayai 30, yakikauka, yana uzito wa kama gramu 150 hadi 180. Ya trei mbili yanatoa kikombe kimoja cha unga, kilichojaa na kuzidi kidogo.

Twanga kwenye kinu. Asiye na kinu aweke maganda kwenye mfuko wa nguo nzito, ayaponde juu ya jiwe bapa, kisha amalizie kwa kuviringisha chupa. Funga kitambaa puani na mdomoni, na funika kinu kwa kitambaa chenye tundu la kupitishia mchi. Chekecha kwa chekeche la unga wa chapati, rudisha makapi kinuni, twanga tena. Halafu chekecha mara ya pili kwa kitambaa chepesi, kipande cha pazia la nailoni au leso kuukuu iliyolegea nyuzi. Unachotafuta ni unga ambao ukiusugua katikati ya kidole gumba na cha shahada husikii chembe hata moja. Ukiisikia chembe, sufuria nayo itaisikia.

Sasa majivu. Hapa inafaa kwenda polepole, maana majivu hayafanani. Ya kuni ngumu ni makali, ya mkaa ni ya wastani, na ya maganda ya ndizi yaliyokaushwa na kuchomwa ni makali kuliko yote kwa sababu yamejaa potashi. Ghana wanatengenezea sabuni nyeusi majivu ya maganda ya ndizi na ya kakao. Kalerwe maganda ya matooke, ndizi za kupika, yana wateja wake, wafugaji wa ng'ombe na mbuzi, na sioni sababu ya kuwanyang'anya. Majivu ya mkaa yanatosha. Yachukue kwa mpishi unayemjua, mwenye kuchoma mkaa au kuni tupu. Wapo wanaowashia moto kwa kaveera, yaani mifuko ya plastiki, kwa mpira wa tairi, kwa mbao zenye rangi. Majivu ya moto huo yana sumu na hayafai kugusa chombo cha chakula. Uliza kabla ya kuchukua. Na yaache yapoe kwenye ndoo ya bati kwa siku nzima, mbali na ukuta wa mbao na godoro, kwa sababu kaa linaweza kuishi ndani ya majivu hadi kesho yake.

Chekecha kwanza makavu, kutoa mkaa na changarawe. Kisha yapitishe majini, hatua ambayo watu huiruka. Tia majivu robo ya ndoo ya lita 10, jaza maji, koroga kwa kijiti hadi yote yaelee. Acha kukoroga. Hesabu taratibu hadi thelathini. Katika muda huo mchanga, ambao ni mzito, unazama chini, lakini majivu laini bado yanaogelea. Mimina maji hayo mazito kwenye ndoo ya pili, na simama mara unapoona tope la kijivu cheusi chini ya ndoo ya kwanza. Weka kiganja kwenye tope hilo ulibonyeze: utasikia mchanga ambao ungekuwa juu ya sufuria yako. Huo utupe.

Ndoo ya pili iache itulie usiku kucha. Asubuhi juu kuna maji safi yenye rangi ya manjano, chini kuna udongo laini wa majivu. Maji yale yanateleza mikononi. Ni magadi ya potashi, na yanababua ngozi, kwa hiyo yashike kwa glavu au kwa mifuko ya plastiki iliyofungwa viganjani. Yamimine kwenye chombo kingine cha plastiki, usiyamwage. Yaliyobaki chini yaongezee maji mapya, koroga, acha yatulie tena, mwaga. Mara mbili zinatosha. Kwa njia hiyo majivu yamepoteza mchanga na yamepoteza ukali wake mwingi. Tandaza tope hilo kwenye kitambaa juu ya trei, anika, na likikauka livunje kwa mkono ulichekeche. Ni kazi ya siku za jua. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua za Kampala zitakulazimisha kukaushia ndani juu ya jiko, na itachukua siku mbili.

Maji yale ya magadi uliyoyatenga loweka ndani yake matambara ya jikoni yenye mafuta kwa saa moja, kisha yafue kama kawaida, au yapigie deki sakafu ya saruji ya jikoni. Yasiguse alumini.

Kwa nini yasiguse? Kwa sababu sufuria nyingi za Kampala, za dukani na zile zinazosubuliwa na mafundi wa Katwe kwa alumini chakavu, zinalindwa na utando mwembamba sana wa juu, na magadi makali yanaula utando huo. Mwanzoni sufuria inang'aa, baadaye inageuka ya kijivu cheusi na inaacha weusi mikononi. Anayepikia maharage yenye magadi kwenye sufuria ya alumini ameuona weusi huo. Kwa hiyo weka makopo mawili, usitafute unga mmoja wa kila kitu.

Kopo la kwanza ni la alumini na vyombo vya kulia: vikombe vinne vya unga wa maganda ya mayai na kikombe kimoja cha sabuni. Sabuni iwe ya mche, ya kawaida kabisa, iliyoparuzwa nyembamba na kukaushwa kivulini kwa siku tatu nne hadi ivunjike, kisha itwangwe na maganda. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia. Povu lake linadai maji mengi, na anayenunua maji kwa jerikeni la lita 20 anajua gharama ya kusuuza mara tatu. Sabuni ya mche kwa kipimo hiki inaondoka kwa kusuuza mara moja vizuri.

Kopo la pili ni la sinki, jiko lenyewe, sakafu, vigae na sufuria za chuma: vikombe viwili vya majivu yaliyooshwa, kikombe kimoja cha unga wa maganda, nusu kikombe cha bikaboneti ya soda na robo kikombe cha sabuni iliyotwangwa. Bikaboneti ni ile inayouzwa madukani kwa waokaji, ikiwa tupu. Unga wa kuumulia keki uliochanganywa tayari usiutumie, kwa sababu una wanga na tindikali ndani yake na utagandisha kopo zima. Kama hujapata bikaboneti, iache. Unga utafanya kazi, ila mafuta yatataka mkono zaidi. Chumvi siitii kwenye kopo lolote. Inavuta unyevu, na ikiachwa juu ya chuma inaleta kutu na vijitundu.

Kitu cha kusugulia nacho kina maana. Waya wa chuma unaharibu kazi yote uliyoifanya kwa chekeche. Tumia dodoki, ambalo Waganda wanaliita ekyangwe, au byayi, zile nyuzi kavu za mgomba ambazo pale wanapopakulia matooke unaziokota bila kuomba. Zifunge fundo, zilowanishe, zichovye kwenye unga.

Sufuria ya alumini yenye ukoko usianze kuisugua. Tia maji ya moto, funika, nenda kafanye kazi nyingine nusu saa. Ukoko utajiachia. Ndipo uchovye byayi kwenye kopo la kwanza na kusugua kwa kuzungusha, maana ukisugua kwenda na kurudi unaacha mistari. Ikiwa ndani imekwisha kuwa nyeusi, kata ndimu mbili, zichemshe ndani ya sufuria hiyo yenye maji kwa dakika kumi hadi kumi na tano, mwaga, suuza. Weusi unaondoka wenyewe. Hapo ndipo ndimu zilizosinyaa zinapokuwa na faida kuliko mbichi, kwa kuwa hazigharimu kitu. Lakini usichanganye ndimu na unga wa kopo lolote kati ya haya mawili. Tindikali ya ndimu na kalisi ya ganda zinachemka povu na kumalizana, na povu hilo, ambalo watu hulipenda kwa kulitazama, ni dalili kwamba umepoteza vyote viwili. Sugua kwanza, suuza, ndimu ije baadaye.

Masizi ya nje ni bora kuyazuia. Kabla ya kuweka sufuria juu ya kuni, ipake nje sabuni ya mche iliyolowa, au, ikiwa ni ya chuma, uji mzito wa majivu. Masizi yatakaa juu ya sabuni na yatatoka kwa maji. Mama lishe wenye sufuria kubwa wanaookoa saa nzima ya jioni ni wale wanaofanya hivyo asubuhi.

Vikombe vyenye weusi wa chai: kopo la kwanza, kitambaa chenye unyevu, robo dakika kila kimoja. Kioo kinaweza kuoshwa kwa unga mtupu wa maganda uliopita kwenye kitambaa, ila majivu yasisogee hapo hata yawe yameoshwa vipi. Kisu na panga vinapenda majivu. Visugue, vikaushe papo hapo, vipake tone la mafuta ya kupikia. Kibao cha kukatia nyama kina dawa yake, chumvi ya mawe na nusu ndimu, kisha maji ya moto na kusimamishwa juani. Vyombo vya shaba nyeupe na nyekundu watu wa pwani wanavisugua kwa ukwaju au ndimu, na dele la kahawa la Mombasa linang'aa kwa namna hiyo bila unga wowote wa dukani. Vikaango visivyoshika chakula, vile vyenye utando mweusi ndani, usivipake chochote kati ya hivi. Sabuni ya maji na kitambaa tu.

Jambo moja naliomba lichukuliwe kwa uzito. Unga huu unaondoa uchafu, hauui vijidudu. Kalerwe iko bondeni, mfereji wa Nsooba unapita katikati ya watu, na mvua kubwa ikinyesha maji ya mfereji yanaingia majumbani pamoja na ya vyoo. Vyombo na sakafu vilivyoguswa na maji hayo visuguliwe, visuuzwe, halafu vipitishiwe maji yenye klorini, Jik au nyingine, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Suuza unga na ndimu zitoke kabisa kabla ya klorini. Klorini ikikutana na ndimu au siki inatoa hewa ya sumu, na chumba kimoja chenye dirisha dogo hakina pa kuipeleka.

Wala makapi yako usiyapeleke mferejini, kwa kuwa yanaongezea tope linaloziba maji. Kampala ilijifunza kwa uchungu mkubwa kwamba taka hazipotei: tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, upande wa barabara hii hii ya Gayaza ukishapita Mpererwe, liliporomoka juu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Ndoo ya majivu na maganda isiyopanda lori ni kitu kidogo mno mbele ya msiba ule, lakini najali kwamba isipande.

Hifadhi unga kwenye makopo ya bati ya maziwa yenye kifuniko, yaliyotobolewa kwa msumari mwembamba upande mmoja ili unyunyize bila kuingiza mkono mbichi. Unyevu ukiingia, unga unakuwa jiwe. Andika juu ya kopo kwa rangi au kalamu nzito, na kwa asiyesoma chora sufuria yenye mstari mwekundu. Unga wa maganda ya mayai hauna tofauti machoni na unga wa mhogo, na mtoto aliyetumwa kuleta unga ataleta alichokiona, kwa hiyo makopo haya yakae mbali na rafu ya chakula, juu, pasipofikika. Ukiingia machoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15, na jicho likiendelea kuuma usisubiri kesho, nenda kituo cha afya.

Kopo moja la kila aina linatosha nyumba ya watu watano kwa zaidi ya mwezi. Makapi ya majivu yaliyobaki kwenye chekeche, mkaa ukishatolewa, yanyunyize kwenye choo cha shimo, konzi moja kila jioni. Yanapunguza harufu na nzi. Vipande vya mkaa vyenyewe virudishe jikoni, bado vina moto ndani yake.